Rangi ya nyumba Goma: hesabu ukuta, usihesabu ndoo

Kwa fundi wa Goma anayekula kwa rangi, kupaka si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kutaja bei. Mteja anataka jibu leo, shantie (mahali pa kazi) itafunguliwa baada ya wiki tatu, na dukani Birere ndoo imeshabadilisha bei bila mtu kukuarifu. Nimeongoza kazi za rangi kuanzia mtaa wa Himbi hadi mtaa wa Ndosho, nyumba za mawe na za mbao, na ushauri wangu kwa vijana wanaoanza, hata kwa mwenye nyumba anayetaka kujilinda, ni mmoja: bei yako isifungwe kwenye ndoo.

Angalia kilichomo ndani ya ndoo yenyewe. Rangi ya maji ina maji, gundi, unga wa chokaa wa kujazia, na unga mweupe uitwao titani dioksidi, ambao ndio unaoficha ukuta usionekane. Gundi hiyo hutokana na mafuta ya petroli. Unga mweupe mwingi hutengenezwa China, na sehemu yake hutokana na madini ya mchanga mweusi kama ule uliochimbwa Kwale, Kenya, hadi mwisho wa 2024. Yaani mchanga wa pwani yetu ya Afrika Mashariki unaweza kupanda meli, ukasafishwa ng'ambo, kisha ukarudi Mombasa au Dar es Salaam ukiwa ghali, ukapanda lori, ukavuka mipaka, na kila kituo kinachukua chake. Hata rangi iliyokorogwa Kampala au Kigali inategemea viungo hivyo vya mbali.

Ndiyo maana bei inaweza kupanda hapa ilhali hapa hakuna kilichotokea. Februari 2021 baridi kali ilisimamisha viwanda vya kemikali kule Texas, Marekani, na watengeneza rangi wa nchi nyingi wakakosa gundi. Mwezi uliofuata meli ikaziba mfereji wa Suez. Sisi Goma nani alikuwa na nafasi ya kufuatilia hayo? Mei 22 mwaka huohuo Nyiragongo, volkano yetu, ililipuka ikatupatia mambo yetu ya kufikiria. Tangu mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, tuna yetu mengine tena: uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, makuta, yaani pesa, yakabaki kupita kwenye simu, na kila unapoyatoa kuna kinachokatwa. Makato hayo ni gharama ya kazi. Yaandike kwenye devi, ile karatasi ya makadirio ya bei unayompa mteja, usiyalipe kutoka mfukoni mwako.

Sasa hesabu. Mteja wa kawaida anauliza, "Papa, ndoo ni bei gani?" Ukimjibu hivyohivyo umeshapotea, kwa sababu ndoo mbili za lita 20 zinaweza kufanana kwa nje na zisifanane ukutani. Tuchukue mfano tu, si bei ya duka lolote. Ndoo ya kwanza ni dolari 30, lita moja inafunika mita za mraba 6, na ukuta utataka mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu, kabla haujakubali. Lita 20 mara 6 ni 120. Gawa kwa mikono mitatu, unapata mita 40 zilizokamilika. Ndoo ya pili ni dolari 50, lita inafunika mita 10, mikono miwili inatosha: mita 100. Ya "bei rahisi" imekula senti 75 kwa kila mita, ya "bei kali" senti 50. Na bado hujamlipa kijana aliyepaka mkono wa tatu.

Watu wengi hunyanyua ndoo na kusema, "Hii ni nzito, ni nzuri." Uzito hauthibitishi kitu. Unga wa chokaa ni mzito kuliko gundi, kwa hiyo rangi iliyojazwa chokaa inaweza kukuvunja mgongo na bado ikaacha unga mweupe kwenye shati la kila anayeegemea ukuta. Nunua kopo dogo kwanza, paka kipande cha ukuta, kiache kikauke vizuri kwa siku kadhaa, kisha kisugue kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikirudi cheupe, rudi dukani ukachague nyingine. Kagua pia mfuniko kabla ya kulipa. Ndoo iliyokwisha kufunguliwa huenda imeongezewa maji, na dukani hakuna atakayekiri.

Ukuta nao una tabia zake. Krepi (plasta ya ukuta) iliyo laini inakunywa rangi kidogo, krepi ya kokoto inakunywa sana, na jiwe letu la volkano lenye vitundu linakunywa kuliko vyote. Kabla ya kutoa devi, paka mita chache za ukuta huohuo uone lita inafika wapi. Krepi mpya iachwe wiki nne hivi, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaoharibu rangi ya maji. Mteja atakusukuma, hasa Desemba, kila mtu anapotaka nyumba ing'ae kwa sikukuu. Mimi humwambia, "Mama, nikipaka wiki hii utaniita tena kabla ya Pasaka." Wengine hukubali, wengine humwita fundi mwingine.

Sehemu ya chini, kama mita moja kutoka ardhini, usiipake nyeupe. Mvua ikipiga vumbi letu jeusi, yote hurukia pale. Mpe mteja ukanda wa kijivu cha kukoza au mweusi, wa rangi ya mafuta. Unga wa chuma unaotoa rangi nyeusi, nyekundu ya udongo na manjano ya udongo kwa kawaida ni nafuu kuliko ule mweupe, na unaficha vizuri. Nyekundu kali ya matangazo ni jambo jingine: ghali, na inataka mikono mingi. Na mwenye mabati ajue kwamba moshi wa mlima huifanya mvua yetu kuwa na asidi. Akiba aifanyie ukutani, si kwenye paa.

Turudi kwenye mapatano, maana hapo ndipo mafundi wanapoumia. Devi yangu ina sehemu mbili. Kazi ya mikono ina bei yake, haibadiliki mpaka mwisho. Rangi na vifaa vina bei inayodumu siku saba tu, na tarehe imeandikwa. Malipo ya kwanza lazima yatoshe kununua rangi yote, na siku hiyohiyo tunakwenda dukani pamoja na mwenye nyumba, tunachukua ndoo zote zenye namba moja ya utengenezaji ili sebule isiwe na weupe wa aina mbili. Risiti inabaki kwake. Kuna jirani yangu, fundi mzuri kuliko mimi kwa brashi, aliyekubali bei moja ya jumla kwa nyumba ya ghorofa. Rangi ilipopanda bei katikati ya kazi, mzee mwenye nyumba alimjibu, "Mwanangu, tulipatana." Alikuwa na haki. Jirani alimaliza ghorofa kwa faida ndogo kama pesa ya mtoto wa shule.

Dolari mnazopokea mzikague mbele ya mteja, mbele na nyuma. Noti iliyochanika pembeni hata kidogo itakataliwa dukani, na hapo umeshakuwa mwenye hasara. Vijana wa kutwa wanataka franka, kwa hiyo patana nao kiwango cha kubadilisha asubuhi, kabla ya kushika rola, si jioni wakiwa wamechoka na wana njaa.

Kazi za nje zipange Juni hadi Agosti, mvua ikipungua, ukiweza. Rangi nunua mapema, Mei, kabla foleni haijaanza. Ndoo zilizofungwa vizuri zitakaa kivulini bila shida, mradi ziwe ndani ya chumba chenye kufuli.