Taa ya injini na sensa ya throtoli: pima kabla hujanunua

MASWALI YA WASOMAJI: MAGARI

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Nina pikapu ya Hilux ya petroli ya miaka ya 1990, gia za mkono, ninayobebea samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini. Taa ya injini imewaka. Fundi alisoma nambari 41 akasema ni sensa ya throtoli. Tuliweka ya mtumba, taa ikazima siku chache kisha ikarudi. Tukaweka mpya, mambo yakawa yale yale. Nikianza kukanyaga mafuta gari linasita ndipo liruke, na likisimama injini inapanda na kushuka. Sasa naambiwa kompyuta ya gari imekufa. Nikatafute nyingine?
Dereva, Ngomeni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Kompyuta usinunue kwanza. Kwenye Toyota za miaka hiyo, 41 maana yake ni kwamba kompyuta haipati volti za kuaminika kutoka njia ya sensa ya throtoli, yaani ya kilango cha hewa cha injini. Njia hiyo ina sensa, plagi, nyaya na ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Sensa mbili zikishindwa kwa namna moja, shaka yote ihamie kwenye plagi na nyaya, hasa kwa gari linalodondokewa maji ya barafu na chumvi kila siku.

Ndani ya sensa mna ukanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kidole kinazunguka pamoja na kilango cha hewa unapokanyaga eksileta. Kompyuta inapeleka volti 5 upande mmoja wa ukanda, upande wa pili ni ethi, na kidole kinarudisha sehemu ya zile volti 5: kidogo kilango kikiwa kimefungwa, nyingi kikiwa wazi. Ethi ikilegea, volti za kidole hupanda hata kama sensa imetoka dukani leo. Volti 5 zikikosekana, hushuka hadi sifuri.

Anza kwa kuthibitisha nambari mwenyewe. Fungua boneti, tafuta kile kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. Fungua swichi bila kupiga stata, kilango kikiwa kimefungwa, mguu usiguse eksileta. Taa ikimweka mara nne, ikatulia kama sekunde moja na nusu, ikamweka mara moja, hiyo ndiyo 41. Ikimweka haraka haraka bila kukoma, hakuna nambari iliyohifadhiwa. Ukipata 51, usishtuke: hutokea pia mguu ukiwa kwenye eksileta au AC ikiwa imewashwa wakati wa kusoma. Lakini ikitokea mguu uko mbali na AC imezimwa, sensa haijui kwamba kilango kimefungwa, na hilo linafanana kabisa na injini yako inayopanda na kushuka.

Halafu chukua mita ya umeme. Sensa hii ina pini nne: VC ni volti 5 zinazokuja, VTA ni jibu la kidole, IDL ni swichi ya kilango kilichofungwa, E2 ni ethi. Usitoboe ngozi ya waya kwa ncha ya mita. Kwa hewa yetu ya pwani, kitundu kidogo tu kinatosha kuingiza unyevu wa chumvi, na baada ya miezi kadhaa shaba ya ndani inageuka unga wa kijani. Badala yake ingiza pini nyembamba ya kushonea kutoka nyuma ya plagi, kando ya waya, mpaka iguse chuma.

Plagi ikiwa imechomekwa na swichi imefunguliwa, pima VC kwa E2. Unatakiwa kuona kati ya 4.5 na 5.5. Kisha VTA kwa E2: kilango kimefungwa, chini ya volti 1, kikiwa wazi kabisa, 4 hivi au zaidi kidogo. Sasa sogeza kilango kwa mkono, polepole sana, ukitazama mita. Volti zipande bila kuruka wala kudondoka. Hapa mita ya mshale inashinda ya tarakimu, maana ya tarakimu huchelewa na inaweza kupitwa na mdondoko mfupi. Kaza macho kwenye robo ya kwanza ya safari ya kilango. Ndiko kidole kinakoshinda siku nzima, ndiko kaboni inakolika kwanza, na ndiko kunakosababisha gari kusita likianza kuondoka. Sensa ya mtumba mara nyingi imelika papo hapo.

Sasa ethi, kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha nyeusi kwenye kichwa cha betri cha hasi, ncha nyekundu kwenye E2, injini ikinguruma, taa kubwa na feni vimewashwa. Mita isizidi volti 0.1. Ikionyesha 0.3 au zaidi, ethi ni mbovu. Fuata nyaya za ethi hadi zilipofungwa kwenye injini na bodi, fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena na upake grisi juu.

Kwenye plagi yenyewe, zima swichi uichomoe, uitazame ndani kwa tochi. Unga wa kijani au mweupe ni kutu ya chumvi. Isafishe kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme na brashi ndogo, iache ikauke, paka grisi nyepesi isiyopitisha stimu kwenye raba ya ukingoni. Raba hiyo ikipotea, na kwenye magari mengi ya zamani haipo tena, maji yataingia siku yoyote gari linapooshwa kwa mashine ya presha. Kisha rudisha plagi, washa injini, utikise nyaya sentimita chache chache kutoka kwenye sensa kuelekea ndani. Mahali mlio unapobadilika ndipo waya umekatika ndani ya ngozi. Kata, unga kwa risasi, vika bomba la kusinyaa kwa joto. Kusokota na kuvika tepu hakudumu hapa pwani.

Vipimo vyote vikiwa sawa isipokuwa swichi ya IDL, basi sensa mpya ilifungwa vibaya. Sensa hii ina matundu marefu ili izungushwe kidogo kabla ya kukazwa, na fundi akiikaza tu ilivyokaa, kazi bado. Chomoa plagi, pima omu kati ya IDL na E2, ukichomeka fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya skrubu ya kuzuia kilango na mkono wake. Kwa injini ya 22R-E, mojawapo ya injini za petroli za Hilux, fila ya milimita 0.57 isomeke chini ya omu 2,300, na ya 0.85 isisomeke kitu. Injini nyingine za Toyota zina vipimo vinavyokaribiana na hivyo lakini si vile vile, kwa hiyo tazama kitabu cha injini yako. Ile skrubu ya kuzuia kilango usiiguse, ilipangwa kiwandani.

Skrubu mbili za sensa hung'ang'ania kwenye aluminiamu. Zipulizie mafuta ya kupenya usiku kucha, tumia bisibisi ya msalaba ya Kijapani inayojaa kichwa chote, maana ile ya kawaida huteleza na kukila. Kabla ya kufungua, chora alama ilipokaa sensa.

Ukimaliza, futa nambari kwa kuchomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwa nusu dakika. Endesha, kisha usome tena.

SWALI: Lori langu la dizeli, Isuzu, linabeba chumvi kutoka Gongoni. Taa imewaka na injini haivuti tena, hata nikikanyaga mpaka chini. Skana inasema P2138. Nimesoma habari za sensa ya throtoli, lakini sioni kitu hicho kwenye injini yangu.
Mwenye lori, Gongoni

JIBU: Unachotafuta kiko miguuni mwako. Kwenye dizeli zinazoendeshwa na kompyuta, sensa imekaa kwenye eksileta yenyewe, na ndani yake mna njia mbili zinazojibu kwa pamoja. Kompyuta inazilinganisha kila wakati. P2138 maana yake majibu hayo mawili hayakubaliani, na kwa usalama wenu kompyuta imeipunguzia injini nguvu.

Viatu vya wapakiaji vinaingiza chumvi kwenye kebini, nayo chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Inua zulia, angalia plagi ya eksileta na nyaya zinazopita sakafuni. Pima njia zote mbili ukikanyaga taratibu: zote zisogee bila kuruka, kila moja kwa kiwango chake. Moja ikiganda au kudondoka na nyaya ni nzima, utabadilisha eksileta yote pamoja na sensa yake. Kwa lori lililotumika sana ni heri mpya, hata kwa bei kubwa.

Kwa wengine wenye malori ya zamani zaidi, yale ambayo waya wa chuma au fimbo inavuta pampu moja kwa moja: gari la aina hiyo halina sensa ya eksileta ya kuizuia injini namna hii. Likikosa nguvu, angalia chujio la dizeli na hewa kwanza.

SWALI: Taa ikiwaka njiani, nikiwa napeleka mzigo Mokowe, niendelee au nirudi Malindi?
Msomaji, Malindi

JIBU: Taa ikitulia bila kumweka, joto na presha ya oili viko sawa, na gari linavuta, unaweza kuendelea taratibu. Kanyaga na kuachia eksileta polepole, acha nafasi kubwa mbele, usipite magari mengine. Taa ya injini ikimwekamweka kwenye gari la petroli lenye tundu la OBD2 (la kuchomekea skana), injini inakosa moto na petroli isiyoungua inaharibu kichujio cha moshi. Punguza mwendo, simama mahali salama, usiendelee na mzigo.

Simama pia mara moja ikiwa injini haishuki ukiondoa mguu. Toa gia, kanyaga breki, egesha pembeni ndipo uzime. Usizime gari likiwa mbioni: breki zinakuwa nzito, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Likishasimama, angalia zulia na waya wa eksileta kabla ya kufikiria sensa, maana waya ulioota kutu ndani ya ala yake hukwama wazi, na kwa gari la pwani hilo ni jambo la kawaida.