Elektroni za Angani Zatoka Wapi?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zimenasa elektroni zenye nishati kubwa mno kutoka angani. Je, chanzo chake kinajulikana?

JIBU: Chanzo hasa bado hakijatambuliwa, ila hakiko mbali kwa vipimo vya anga. Elektroni ikisafiri hupoteza nishati upesi katika nyuga za sumaku na kwa kugongana na mwanga, hivyo zile zilizofikia nishati ya teraelektronivolti 40 (yaani elektronivolti trilioni 40), kwa matokeo ya mwaka 2024, zimetoka umbali usiozidi miaka-nuru elfu chache (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), jambo la kustaajabisha kweli. Hushukiwa pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, yazungukayo kwa kasi. Darubini zenyewe huona tu mmweko hafifu wa buluu, wa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache, chembe inapopiga angahewa.