Maswali na Majibu: Maaskofu Wakikaa Kikao, Sera Inawahusu Nini?

Bwana Yesu asifiwe. Viongozi wa makanisa wamekutana tena kujadili sera. Kazi yao si Injili?

Amina. Kanisa lenye shule na hospitali haliwezi kunyamaza Bunge likipanga kodi ya dawa au mishahara ya wauguzi. Wala si jambo geni: mwaka 1891 Papa Leo wa 13 aliandika waraka mzima, Rerum Novarum, kuhusu ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuunda vyama. Mimi siwaulizi viongozi kwa nini wanakutana. Nauliza nini hutokea wakishapanda magari kurudi makwao.

Tamko lilisomwa mbele ya waandishi wa habari, likapigiwa makofi, kisha kimya. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba tamko limegeuzwa kuwa kazi yenyewe. Matamko mengi hugusa kila kitu kwa mpigo: rushwa, ukame, uchaguzi, maadili ya vijana. Mbunge akilisoma hajui aanzie wapi, na moyoni anashukuru.

Mswada una njia yake. Husomwa mara ya kwanza, huenda kamati, kamati hukaribisha maoni, tarehe ya mwisho hupita. Tamko likitoka baada ya hapo ni maombolezo tu. Kwa Kenya, ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Anayetaka kusikika hupeleka maandishi yanayotaja kifungu, husema kifutwe au kisomeke vipi, na hutoa takwimu za zahanati zake mwenyewe. Kisha humtuma mtu arudi kwenye kamati hiyo hata kamera zikishaondoka. Mtu huyo ndiye makanisa mengi hayajamwajiri.

Sisemi maneno hayana nguvu. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Malawi walitoa waraka wa Kwaresima uliokosoa utawala wa Rais Kamuzu Banda, ukasomwa makanisani Jumapili moja. Polisi wakawahoji maaskofu, waraka ukapigwa marufuku. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, wakachagua vyama vingi. Lakini katikati hapo kuna kazi ambayo watu huiruka wanaposimulia: Wapresbiteri na makanisa mengine waliingia, ikaundwa kamati ya pamoja na Waislamu na wanasheria, nayo ikakaa mezani na serikali. Waraka ulifungua mlango, kamati ikaingia.

Kutetea sera na kupiga kampeni vinatofautianaje?

Ukisema "kifungu hiki kitawaumiza wagonjwa", unatetea sera. Ukisema "mchagueni fulani", umeingia kampeni. Marekani iliweka katazo la kampeni kwa mashirika yasiyotozwa kodi, makanisa yakiwemo, kwenye sheria ya kodi mwaka 1954, ingawa utekelezaji wake umekuwa hafifu. Kipimo changu ni rahisi: je, ungesema hayo hayo kama chama kingine kingekuwa madarakani?

Wanasiasa wanaochangia madhabahuni tuwafanyeje?

Wapokeeni kama waumini, wakae kwenye benchi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia moja, siku chache baada ya maaskofu kuikosoa serikali yake hadharani. Wapo waliosema ni kiburi. Mimi naona hakukuwa na njia nyingine: huwezi kumkosoa mtu Alhamisi na kupokea bahasha yake Jumapili.

Mbona mambo ya ndani ya kanisa hujadiliwa milango ikiwa imefungwa?

Mengine yanastahili. Jina la aliyenyanyaswa lilindwe, ijapokuwa kesi yenyewe ni ya polisi, si ya kikao. Hesabu hazistahili kufichwa. Baraza linalodai serikali ichapishe mikataba huku ripoti ya mkaguzi wa dayosisi imefungiwa kabatini halitaaminiwa hata likisema kweli.

Ule mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 ulikuwa na mabishano makali. Ulipokwisha waliandika barua fupi, wakawatuma Yuda na Sila kwenda Antiokia kuieleza kwa vinywa vyao. Leo waumini wengi hupata maazimio ya viongozi wao kwenye WhatsApp, tena nusunusu.

Padri anaruhusiwa kugombea ubunge?

Kwa Wakatoliki, kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa inakataza makleri, yaani wenye daraja takatifu kama mapadri, kushika vyeo vyenye mamlaka ya kiserikali. Fernando Lugo, aliyekuwa askofu Paraguay, alishinda urais mwaka 2008, na Papa Benedikto wa 16 akamrudisha katika hali ya ulei, yaani muumini wa kawaida, kabla hajaapishwa. Makanisa mengine yana taratibu zao. Soma katiba ya kanisa lako kabla hujachukua fomu.