Kabla ya kuuliza bei ya mguu wa roboti

Tangu nianze kuonekana sokoni Kibuye bila magongo, maswali ninayoulizwa ni yale yale: mguu au mkono wa roboti ni pesa ngapi? Ile chipu ya ubongo ya Elon Musk itafika Kenya lini? Wengi wanaouliza ni vijana waliokatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Jibu langu huwa si tamu: kwanza tuongee kuhusu soketi.

Soketi ndiyo sehemu ya mguu bandia inayovaliwa kwenye kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa. Mimi navaa mguu wa plastiki wenye wayo wa mpira, wa kawaida kabisa, na napanda matatu na kusimama dukani kutwa. Namjua jamaa aliyeletewa mguu wa bei kali kutoka ng'ambo. Sasa uko chini ya kitanda. Soketi yake ilipimwa kigutu kikiwa bado kimevimba. Kilipopungua, kikawa kinacheza ndani kama mchi kwenye kinu, na ngozi ikachubuka.

Mwaka wa kwanza kigutu hubadilika sana, kwa hiyo daktari akiruhusu, funga bendeji ya kuvuta, ikaze zaidi chini na ilegee kuelekea juu. Hata ndani ya siku moja kinapungua: asubuhi soksi moja ya kigutu inatosha, alasiri unaongeza ya pili. Tembea na za akiba, maana kwa joto hili la Kisumu soksi hulowa jasho. Jioni osha kigutu kwa sabuni, ukaushe vizuri. Mafuta ni ya usiku tu. Ukipaka asubuhi soketi itateleza.

Kisha chukua kioo uangalie nyuma na chini. Utaambiwa utafute wekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, basi gusa. Mahali penye joto au pagumu, au alama isiyofutika baada ya robo saa hivi, ni sababu ya kurudi kwa fundi wa miguu bandia. Mwenye sukari asisubiri maumivu, huenda asiyasikie kabisa.

Na hiyo chipu? Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kuanzia mabegani, aliwekewa ubongoni kifaa cha Neuralink, kampuni ya Musk, Januari 2024, akasogeza kishale cha kompyuta kwa mawazo na kucheza chesi. Wiki chache baadaye baadhi ya nyuzi zilizotiwa ubongoni zilijivuta zikatoka mahali pake, uwezo ukashuka, wahandisi wakalazimika kurekebisha programu. Nilicheka kidogo, si kwa ubaya. Kumbe hata huko shida ni ile ile yetu: nyama husogea, kifaa hakina habari. Mkono wa umeme nao husoma misuli kupitia ngozi. Soketi ikiteleza, vidole havikusikii.

Kuhusu pesa, jisajili mapema na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lina mfuko unaosaidia kupata vifaa. Usitarajie haraka.

Siku ya kupimwa nenda na viatu utakavyovaa kila siku, kwa sababu fundi hupanga mguu kwa urefu wa kisigino. Ukitoka kwenye ndala ukaingia kiatu cha kisigino, goti litasukumwa mbele. Muulize pia mpira wa wayo ukiisha utabadilishiwa wapi. Akikwambia Nairobi, jumlisha nauli kwenye bei.