Utaridi au Zebaki? Jibu kwa mzazi aliyeuliza

Mkuu, umesema kitabu cha mwanao kinaita sayari ya kwanza kutoka kwenye jua Zebaki, na mjomba wake anang'ang'ania ni Utaridi. Mjomba yuko sahihi. Mimi nilikatwa maksi kwa jibu hilohilo shule ya msingi, na kinyongo changu bado kibichi.

Babu yangu Unguja alikuwa mtu wa falaki, elimu ya nyota, watu wakimjia kabla ya harusi au safari. Kwake sayari za kuonekana kwa macho zilikuwa tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ukitia Jua na Mwezi zinatimia saba. Nafika darasani nakuta Utaridi imehamishwa hadi ukingoni kabisa, eti ndiyo Pluto! Pluto imegunduliwa 1930, tena kwa darubini. Wazee waliipaje jina kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona?

Chanzo, kwa ninavyoona, ni tafsiri ya haraka. Kiingereza kina jina moja, Mercury, kwa sayari na kwa ile metali ya majimaji. Wanaalkemia wa Ulaya, wale waliohangaika kugeuza metali kuwa dhahabu, waliipa kila metali sayari yake, na hii isiyotulia ikaangukia kwa Mercury, mungu wa Kirumi mwenye mbio, tarishi wa miungu. Sisi tulipokea kutoka Kiarabu maneno mawili: Utaridi ya angani, zebaki ya chini. Mfasiri akafungua kamusi, akakuta zebaki, akafunga. Hebu mwambie mchimbaji mdogo wa Geita kwamba zebaki anayonasia dhahabu inazunguka jua, uone atakavyokucheka.

Utaridi ikabaki haina kwao, ikasukumiwa Pluto. Neptuni nayo ikaitwa Kausi, na kwingine utakuta Sarateni ndiyo Zohali, nadhani kwa sababu inasikika kama Saturn, jina lake la Kiingereza. Lakini Kausi ni upinde na Saratani, ndiyo hiyo Sarateni, ni kaa, na hizo ni buruji, zile nyota kumi na mbili za unajimu, wala si sayari.

Majina ya kale yana utamu wake. Mshtarii kwa Kiarabu pia ni mnunuzi, ndugu wa mshitiri wetu wa dukani. Zuhura wanasimulia alikuwa mwanamke mzuri aliyewaponza Haruti na Maruti, akapaa akawa nyota. Kurani inawataja hao wawili, yeye haimtaji. Kilimia, kile kishada cha nyota, ndicho chetu wenyewe, kutoka kulima. Wazulu nao wanaita isiLimela.

Kwenye mtihani mwanao aandike Zebaki, maana msahihishaji ana karatasi yake ya majibu. Ila ikifika zamu yake ya kuonekana jioni, mtoe nje jua likishazama tu, atazame chini kabisa magharibi, na umwambie ile ni Utaridi. Msichelewe, haikai.