Kwa mnaoanza kuchora hesabu kwenye kivinjari

Kijana akija kwetu hapa Mwanza kujifunza kutengeneza masomo ya hesabu ya kusomwa kwenye kivinjari, kwanza huuliza asakinishe programu-jalizi gani, yaani programu ndogo ya kuongezea kivinjari uwezo, ili michoro ionekane. Namjibu: hakuna. Mchoro unaomtaka mwanafunzi asakinishe kitu kwanza, wengi hawatauona.

Zamani hapakuwa na njia nyingine. SVG, lugha ya kuandika michoro kwa maneno na namba, ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2001, lakini Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, haikuielewa mpaka toleo la 9, mwaka 2011. Katikati hapo watu walitegemea jalizi ya Adobe, nayo Adobe wakaacha kuihudumia mwanzoni mwa 2009. GeoGebra, programu ya kuchora jiometri na grafu, iliingia kwenye kurasa kwa jalizi ya Java. Chrome ikazikataa jalizi za namna hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017, na Flash, jalizi nyingine ya Adobe, ikafikia kikomo mwisho wa 2020. Walimu bado wanatuletea masomo ya miaka hiyo, yaliyoandikwa kwa bidii kubwa. Ukiufungua ukurasa, maelezo yote yapo, ila penye pembetatu pana kisanduku kitupu. Inaniuma kila nikikiona.

Basi andikeni SVG ndani ya ukurasa wenyewe. Kwa fomula, Chrome inasoma MathML, lugha ya kuandika fomula kwenye ukurasa, tangu Januari 2023, ila simu nyingi za wanafunzi zina matoleo ya nyuma, kwa hiyo tumieni KaTeX au MathJax, maktaba za JavaScript zinazochora fomula kwenye ukurasa. Faili zake ziwekeni kwenye folda ya somo. Mkiziita kutoka mtandaoni, siku bando la shule likiisha fomula zinabaki alama za dola na mikwaju.

Sasa jambo linalowasumbua wageni wote: kwenye SVG, y huongezeka kwenda chini. Chora y = x² kama ilivyo, itatoka imefunikwa kama sufuria. Wengi hukimbilia kuugeuza mchoro mzima kwa scale(1,-1), amri inayopindua juu kuwa chini. Grafu inakaa sawa, lakini namba za mihimili zinapinduka pamoja nayo. Geuzeni kundi la mistari peke yake, maandishi yakae nje ya kundi hilo. Mimi napendelea kutoa y kutoka kwenye kimo cha mchoro kabla ya kuandika nukta; msimbo unasomeka, na atakayekuja baada yako ataelewa.

La pili ni vipimo, na mada ya dunia kama tufe inalionyesha vizuri. Chukua tufe lenye nusu kipenyo cha vizio 200, ulitazame kwa ubavu. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini, kwa hiyo mstari wake uko chini ya ikweta kwa 200 × sin 2.5°, yaani kama vizio 9. Bukoba, nyuzi 1 na dakika 20, inaangukia kwenye vizio 4.7 hivi. Ukitumia mistari yenye unene wa vizio 4, ikweta na Bukoba vinakaribia kugusana, na majina hayana pa kukaa. Hesabu ni sahihi, lakini mwanafunzi haoni kitu. Dawa yake ni kidirisha cha pembeni chenye nyuzi 0 hadi 3 tu, kila nyuzi vizio 60: Bukoba inakaa kwenye 80, Mwanza kwenye 150, na tofauti anayotakiwa kuikokotoa inaonekana kwa macho. Andikeni pembeni kwamba sehemu hiyo imekuzwa, asije akadhani ni kipimo kilekile.

Wekeni viewBox, sifa ya SVG inayoruhusu mchoro kukua au kupungua kulingana na skrini, msifunge upana kwa pikseli. Kisha mjaribu kwenye simu ndogo, nje, jua la saa saba. Kijivu hafifu kinachopendeza ofisini hakionekani kabisa.

Majina ya mahali yaacheni yawe maandishi halisi, msiyageuze kuwa mistari. Hapo mwalimu wa Ukerewe anaweza kulifungua faili kwa Notepad, akafuta Mwanza, akaandika Nansio, akaisogeza nukta hadi 126, bila kusubiri mmoja wetu avuke kwenda kumsaidia.