Maswali yenu: hita, baridi ya Julai na samaki wa sebuleni

Kipupwe kimeingia, na maswali ya safari hii karibu yote ni ya hita, kile kifaa cha umeme cha kupasha joto maji ya tangi la samaki. Aliyeuliza kuhusu mwani wa kijani kwenye vioo anivumilie kidogo, maana mwani hauui samaki kwa usiku mmoja. Hita inaua.

Kaka, Mwanza tunalia na jua mwaka mzima. Hivi samaki wa mapambo wa huku anahitaji hita kweli, au ni biashara tu ya wenye maduka? (Msomaji, Igoma)

Wengine wanaihitaji, wengine hapana. Kinachoamua ni usiku, wala si mchana. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumejenga juu zaidi, kwenye vilima na mawe. Mchana wa Julai unaweza kufika nyuzi 28, ukiamka alfajiri nje kuna 16. Samaki wa ziwani hayamhusu hayo, kwa sababu maji ni mengi mno kupoa kwa usiku mmoja. Tangi la lita 40 juu ya meza halina ubavu huo.

Mwaka jana niliweka kipimajoto kwenye tangi langu dogo, lililokuwa chini ya dirisha. Saa kumi na moja alfajiri lilisoma 20. Saa tisa alasiri, 26. Samaki hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Kumpandisha na kumshusha nyuzi sita kila siku ni kumchosha. Chakula kinakaa tumboni bila kusagika vizuri, kinga inashuka, na ugonjwa uliokuwa umejificha unapata nafasi.

Kwa hiyo anza na kipimajoto. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35. Nunua cha tangi, ukitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyochanganywa na maji uone kama kinashuka hadi sifuri au karibu yake. Pima alfajiri na alasiri kwa siku tatu. Kama unafuga samaki wa dhahabu, nyuzi 20 ni raha yake, usitumie hata shilingi kwenye hita. Gapi na moli huvumilia. Samaki wa Ziwa Tanganyika, beta na hasa diskasi ndio watakaokulazimu.

Na kabla ya kununua chochote, ondoa tangi dirishani, lifunike juu, na nyuma na chini yake weka kipande cha lile boksi jeupe jepesi wanalopakia minofu ya sangara. Mimi nilifanya hivyo na ile tofauti ya nyuzi sita ikabaki tatu.

Nimebadilisha hita tatu tangu mwaka jana. Moja ilizima yenyewe, moja ikapasuka, ya tatu ikachemsha samaki wangu wote. Tangi ni lita 60. Nitajie hita moja ya kuaminika hata kama ni ghali. (Baba wa watoto wawili, Buswelu)

Pole sana. Najua ulichokiona ulipofunua tangi, maana na mimi nilishakiona. Nilirudi kutoka msibani, nikatia mkono majini, nikakuta vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Furu kumi na mmoja, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wamelala ubavu juu ya changarawe, midomo wazi. Taa nyekundu ya hita ilikuwa bado inawaka.

Sikutajii jina la kampuni. Boksi lile lile lenye picha ile ile unaweza kulikuta na hita nzima ndani au na hita ya kuigiza, na kwa macho hutazitofautisha. Nitakueleza hita inavyoharibika, kwa sababu ukijua hilo utaweza kuishi hata na hita ya kawaida.

Ndani ya ile chupa ya kioo kuna waya unaopata moto, na kuna themostati inayouwasha na kuuzima. Hita nyingi za bei ya chini zina themostati ya vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Kila vinapogusana cheche ndogo inaruka. Baada ya maelfu ya cheche, ama vinachafuka visigusane tena, ama vinaungana moja kwa moja. Vikikataa kugusana, maji yanapoa taratibu na una siku nzima ya kugundua. Vikiungana, hita haizimi; hapo ndipo tunasema imeganda. Hicho ndicho kilichokupata.

Sasa tazama hesabu. Maji ya lita 60 kwenye hita ya wati 300 yanapanda nyuzi moja kila baada ya takriban robo saa. Hita ikiganda saa nne usiku maji yakiwa 25, kabla ya saa saba yameshapita 34. Lakini hita ya wati 50 kwenye tangi hilo hilo inahitaji karibu saa moja na nusu kwa kila nyuzi, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo vioo vinavyopoteza joto, mpaka inafika mahali haiwezi kuendelea. Chumba kikiwa na nyuzi 22, itasukuma maji hadi 27 au 28 na kuishia hapo, hata ikiwaka wiki nzima. Samaki atahema, lakini utamkuta hai.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Muuzaji anakupa hita kubwa "ili isipate shida", na vitabu vya nchi za baridi vinasema wati moja kwa lita. Huko chumba kinaweza kuwa na nyuzi 15. Hapa Mwanza tunahitaji kupandisha nyuzi tatu au nne tu, basi chini ya wati moja kwa lita inatosha. Kwako wewe ni wati 25 mbili, moja kila upande wa tangi, au 50 moja. Mimi napendelea mbili: moja ikifa nyingine inashikilia, na moja ikiganda haina nguvu ya kuchemsha.

Jambo la pili, tafuta kidhibiti joto cha pembeni. Usikitafute kwenye maduka ya samaki, nenda kwa mafundi wanaotengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga. Wanavyo vidogo vyenye namba zinazong'aa na kihisio chenye waya mrefu. Wao wanakiweka 37.5 kwa ajili ya mayai, wewe utakiweka 25. Hakikisha kile unachochukua ni cha volti 220 na kihisio chake hakipitishi maji. Hita yenyewe iwekee 27 na uichomeke kupitia kidhibiti. Kidhibiti kikigoma kuzima, themostati ya hita itazima kwa 27. Ili samaki wafe, lazima vyote viwili viharibike kwa mpigo. Kihisio kikandamize kwa kibano kiwe ndani kabisa ya maji. Kikiteleza na kutoka nje kitapima hewa ya baridi ya chumbani na kuamrisha hita iwake bila kukoma, ukabaki na themostati ya hita peke yake.

Ukishanunua hita, usiitumbukize kwa samaki siku hiyo hiyo. Iweke kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji na kipimajoto, iache siku nzima na usiku wake. Ikifika ulipoiweka, ikazima, ikawaka tena maji yalipopoa, hiyo inafaa kuanza kazi. Tazama pia ule mpira unaoziba kichwa cha chupa: ukiona unyevu au ukungu ndani ya kioo, irudishe dukani palepale. Na hata iliyo nzima mimi siiachi ipite miaka mitatu.

Naweza kutumia ile hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo, niwe nawasha dakika tano kila jioni? (Msomaji, Mabatini)

Hapana, tafadhali. Ile ni wati elfu moja na zaidi, haina themostati, na wengi wetu tunajua jinsi ndoo inavyopiga shoti ukiigusa ikiwa bado imechomekwa. Watoto hupenda kutia mikono kwenye tangi la samaki. Ukisahau, hutapoteza samaki peke yao.

Ndugu yangu yuko Marekani amenitumia hita nzuri, imeandikwa 120V. Nimepata adapta ya plagi inaingia vizuri. Kuna shida? (Msomaji, Pasiansi)

Shida ipo, na ni kubwa. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unabaki ule ule. Huku kwetu ni volti 230, karibu mara mbili ya ile, na volti zikiongezeka mara mbili nguvu ya hita inaongezeka mara nne. Hita ya wati 100 inataka kuwa ya karibu 370. Kioo kitapasuka, au waya utaungua ndani ya dakika chache. Ungehitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake utapata hita mbili za hapa. Iweke mpaka ndugu yako arudi nayo.

Habari za kazi kaka. Nilikuwa nabadilisha maji, nikasikia "tak", hita ikapasuka. Nilipogusa maji nikapigwa na umeme kidogo. Nilikosea wapi? (Dada wa Nyegezi)

Salama dada, na namshukuru Mungu ilikuwa kidogo. Ulipopunguza maji, hita ilibaki nje ikiwa inawaka. Kioo kikapata moto kupita kiasi, kisha maji mapya ya bomba yakakigusa. Ni sawa na glasi ya moto kuimwagia maji ya mtungini. Chomoa hita, subiri dakika 20, ndipo uguse maji. Siyo kuzima swichi: chomoa plagi kabisa, uione mezani. Ukimaliza kujaza, subiri tena kidogo kabla ya kuchomeka.

Kuhusu kupigwa, mwite fundi umeme akuangalizie kama nyumba ina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi na ile sakiti breka inayokata umeme wenyewe unapovuja. Soketi yenye tundu tatu haina maana kama nyuma yake waya wa ethi haukuunganishwa, na nyumba za kupanga nyingi ziko hivyo. Waya wa hita nao uache uning'inie chini ya soketi kisha upande juu kuchomekwa, ili tone la maji likishuka kwenye waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Maji mapya yawe na joto karibu sawa na ya tangi. Yakinge jana yake, yalale ndani na pampu ya hewa ikiyapigapiga. Klorini itapungua na joto litasogea lenyewe.

Hita itanimalizia umeme wa LUKU? (Msomaji, Igogo)

Ya wati 50 ikiwaka saa nane kwa siku inakula uniti 0.4, yaani 12 kwa mwezi. Ukifunika tangi zinapungua. Kama uko kwenye lile daraja la matumizi madogo lenye mwisho wa uniti 75, zihesabu hizo 12 kabla hujanunua hita, usije ukahamishwa daraja bila kutarajia.

Umeme ukikatika usiku kucha nifanyeje? (Msomaji, Kirumba)

Kwa Mwanza, hofia hewa kabla ya baridi. Tangi la lita 60 lililofunikwa blanketi linashuka nyuzi moja au mbili mpaka asubuhi, na samaki wanavumilia mshuko wa taratibu. Filta iliyosimama ndiyo tatizo. Acha upenyo juu, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara, usiwape chakula. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ununuzi mzuri kuliko hita ya akiba. Umeme ukirudi, angalia kipimajoto mwenyewe kabla ya kwenda kulala, kwa sababu umeme unaorudi kwa kishindo ni mojawapo ya mambo yanayogandisha themostati.

Shikamoo. Nina furu watano nilionunua kwa vijana wanaovua kwenye mawe. Wawili wana vidoa vya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia. Nimesoma kwamba vidoa vinatibiwa kwa kupandisha joto hadi 30. Hita yangu inaweza? (Mwanafunzi, Malimbe)

Marahaba mwanangu. Hita iache ilipo, hao wawili hawaumwi. Ni madume.

Furu dume ana vidoa vya njano au rangi ya chungwa kwenye pezi hilo, vya mviringo, vimezungushiwa ukingo usio na rangi, vinavyofanana na mayai. Jike hutaga, kisha huyaokota mayai kwa mdomo, maana atayalea humo humo. Anapovifuata vile vidoa vya dume mdomo wake unafika mahali ambapo mbegu za dume zipo, na mayai yanarutubishwa mdomoni. Kama mmoja wao ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, huenda unaye Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985 na watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye ghuba hii hii unayoiona ukiwa chuoni. Jina la kwanza ni punda milia wetu, kwa ajili ya ile mistari.

Ugonjwa uliousoma upo. Dalili yake ni vidoa vyeupe kama punje za chumvi laini, mwilini kote na kwenye mapezi yote, na samaki hujikwangua kwenye mawe. Kupandisha joto kunafupisha maisha ya mdudu wake, lakini maji ya nyuzi 30 hubeba hewa kidogo, na furu wa mawe wamezoea maji yanayopigwa na mawimbi. Ukilazimika siku moja, panda nyuzi moja kwa siku na uongeze pampu ya hewa kwanza.

Kwa sasa waweke 25. Na mtazame jike: akianza kukataa chakula na kidevu kikavimba, usimsumbue kwa wiki mbili hadi tatu. Zima taa mapema, na usimhamishe tangi.